Kabla ya Kununua Kipanya, Uliza Lugha Yake

Msomaji mpenzi, wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Leo nataka kukusimulia habari za kikundi kimoja cha akina mama wa kijijini kwetu, ambacho kilikuwa karibu kuvunjika kwa ajili ya swali moja lisiloulizwa dukani. Swali lenyewe ni dogo, nalo lahusu kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Lakini kwa sababu halikuulizwa, kijana mwaminifu aliitwa mwizi, na fedha za watu zikakaa bila kugawanywa.

Kikundi hicho ni cha kuweka na kukopa. Hapo kwanza hesabu zao ziliandikwa katika daftari, kisha wakanunua kompyuta mpakato, ile ya kukunja ambayo wengi huiita laptopu. Haikuwa mpya, maana ilikwisha tumiwa na mtu mwingine, lakini iliwafaa sana. Basi siku moja ule ubao mdogo wa kupapasia kwa kidole ukafa. Mshale uliomo katika kioo ukakaa pale pale kama umepigiliwa misumari. Siku ya kugawana akiba ilikuwa imebaki majuma mawili.

Fundi aliyeulizwa kwa simu alitoa shauri jema. Alisema, "Nunueni kipanya, mtaendelea na kazi." Wakachanga shilingi 30,000, wakampa kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, aliyekuwa akienda mjini kwa basi la alfajiri. Jioni akarudi na kipanya chembamba, cheusi, cha kupendeza, kisicho na waya, pamoja na stakabadhi ya duka. Wakakiwasha, taa yake ikamulika. Wakakisogeza mezani, mshale haukutikisika. Wakatia betri nyingine, hali ni ile ile.

Hapo maneno yakaanza. Mmoja alisema kipanya ni kibovu. Wa pili alisema kompyuta ndiyo iliyokufa. Wa tatu alinong'ona kwamba kijana amenunua kitu cha bei ya chini, stakabadhi kaandikiwa na rafiki yake, na fedha iliyobaki kaitia mfukoni. Neno la namna hiyo, kama ujuavyo, halingoji basi. Kabla ya jua kuchwa kesho yake lilikuwa limefika kisimani na sokoni.

Mama mhazini akanijia ofisini, akijua kwamba mimi hushika kompyuta kila siku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Karani mwanangu. Nimekuletea wagonjwa wawili, nami sijui ni yupi anayeumwa."

Akaweka kompyuta na kipanya mezani. Nami, kwa kiburi kidogo, nikachomoa kile kipande kidogo kilichokuwa katika kompyuta ya ofisi, nikakichomeka katika kompyuta yake, nikashika kipanya chake nikasema, "Tazama, Mama, sasa kitatembea." Hakikutembea. Nikakigonga mezani, nikakipuliza, nikazima na kuwasha. Wapi! Mama yule akanitazama kwa huruma, nami nikaona aibu. Ikanipasa kukaa chini na kujifunza mambo haya toka mwanzo. Hayo niliyojifunza ndiyo nakuandikia wewe leo, ili fedha yako isiende bure, wala jirani yako asisingiziwe.

KIPANYA NI NINI?

Kipanya, ambacho wengine hukiita mausi, ni chombo cha kuuongoza mshale katika kioo cha kompyuta. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 huko California, Marekani, katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, na aliyekijenga ni mhandisi mwenzake, Bill English. Kilikuwa kipande cha mti chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya wataalamu mjini San Francisco. Kilikuwa na waya, nao waya ulifanana na mkia. Ndiyo sababu kikaitwa panya.

Siku hizi magurudumu yamekwisha. Chini ya kipanya mna taa ndogo na jicho linalotazama meza na kupima jinsi inavyopita. Kwa hiyo juu ya kioo kitupu vipanya vingi huzubaa. Weka karatasi chini yake, vitatembea vizuri.

Mkia nao umekatwa katika vipanya vingi. Lakini hapa pana neno la kushika, msomaji wangu. Mkia ulipokuwapo, kipanya chochote cha USB kiliweza kuchomekwa katika kompyuta yoyote yenye tundu la namna hiyo, na kazi ikaendelea. Mkia ulipokatwa, kipanya hakina budi kusema na kompyuta kwa mawimbi ya redio. Na mwenye kusema kwa redio sharti apate mwenye kumsikia, tena anayeijua lugha yake.

HEWA MOJA, LUGHA MBILI

Vipanya visivyo na waya vinavyouzwa madukani ni vya namna mbili hasa. Namna ya kwanza husema na kipokezi chake, yaani kipande kidogo cha kuchomeka katika tundu la USB. Namna ya pili husema kwa Bluetooth, nayo haina kipande chochote cha kuchomeka, maana yategemea redio iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe.

Ajabu ni kwamba namna zote mbili hutumia hewa moja. Mawimbi yao yako jirani ya gigahezi 2.4, mahali ambapo nchi nyingi zimeruhusu vyombo vidogo kusema bila kuombewa leseni kimoja kimoja. Wi-Fi iko hapo pia, na jiko la maikrowevu hupiga kelele zake hapo hapo.

Je, kama hewa ni moja, mbona havielewani? Fikiri juu ya soko letu siku ya mnada. Msukuma na Mchaga wamesimama mahali pamoja, hewa ni ile ile, sauti zasikika. Lakini Msukuma akisema Kisukuma na Mchaga akijibu Kichaga, hapana biashara itakayofanyika, ijapokuwa wote wawili wana masikio mazima. Ndivyo ilivyo kwa kipanya cha Bluetooth na kompyuta isiyo na Bluetooth. Si kwamba mmoja ni mgonjwa. Hawana lugha moja.

Tena usidanganyike na maandishi ya kasha. Kasha lililoandikwa 2.4G kwa kawaida lina kipanya cha kipokezi. Kasha la kipanya cha Bluetooth huwa na neno lenyewe Bluetooth, au alama yake inayofanana na herufi B yenye mikia miwili upande wa kushoto.

NAMNA YA KWANZA: KIPANYA CHA KIPOKEZI

Uzuri wa kipanya hiki ni kwamba hakina masharti mengi. Kipokezi huyasikia maneno ya kipanya kwa redio, kisha huyapasha kwa kompyuta kama vile kipanya cha waya kimechomekwa. Kompyuta haina haja ya kujua kama pana redio. USB ilianza mwaka 1996, na katika kanuni zake mna kanuni ya vipanya na kibodi inayojulikana na Windows za zamani na mpya, na Linux, na kompyuta za Apple. Kwa hiyo ukikichomeka, ukangoja sekunde chache, mshale hutembea bila kutia programu yoyote. Hata kompyuta kuukuu isiyo na Bluetooth yaweza kukitumia.

Lakini kina udhaifu wake, nao ni huu.

Kwanza, vipanya vingi na vipokezi vyake huunganishwa kiwandani kama mapacha. Kipokezi cha kipanya hiki hakimsikilizi kipanya kile, hata kama vimetoka katika duka moja na kasha moja la jumla. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi mbele ya Mama mhazini. Nilidhani kipokezi ni kipokezi tu, kumbe nilikuwa nampa mtu ufunguo wa nyumba nyingine.

Wako watengenezaji walioondoa taabu hii kidogo. Logitech, kampuni iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1981, ilitoa mwaka 2009 kipokezi kiitwacho Unifying, ambacho chaweza kupokea vyombo 6 vya aina yake, vipanya na kibodi. Mwaka 2021 ikatoa kingine kiitwacho Logi Bolt, nacho pia chapokea 6. Lakini hata hapo angalia, maana kipanya cha Bolt hakielewani na kipokezi cha Unifying, wala cha Unifying hakielewani na kipokezi cha Bolt.

Pili, kipokezi kikipotea, kipanya cha bei rahisi huwa kimekwisha kazi, kwa kuwa si rahisi kupata pacha mwingine. Nacho ni kidogo kama ukucha. Mtoto hukimeza, fagio hukichukua, nguo huondoka nacho. Ukimaliza kazi na unataka kusafiri, kirudishe katika nafasi yake ndani ya kipanya, kama ipo.

Tatu, tazama tundu. Vipokezi vingi vina kichwa cha USB cha zamani, kile cha mstatili. Tangu mwaka 2014 limekuja tundu jipya, USB-C, dogo, lenye ncha za mviringo, ambalo huchomekwa upande wowote. Kompyuta nyingine mpya zina hilo tu. MacBook Air, kwa mfano, tangu mwaka 2018 haina tundu la mstatili. Mwenye kompyuta ya namna hiyo sharti anunue adapta au kipanya chenye kipokezi cha USB-C.

Nne, kipokezi huchukia kelele. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwamba vyombo vya USB 3.0 na nyaya zake vyaweza kutoa kelele ya redio karibu na gigahezi 2.4. Basi ukichomeka diski ya nje katika tundu lililo jirani na kipokezi, ukaona mshale unarukaruka kama panzi, usikimbilie kulaumu kipanya. Hamisha kipokezi upande wa pili wa kompyuta, au kitie katika waya mfupi wa kurefushia kiwe mbali na diski.

Liko na jambo la usalama. Mwaka 2016 wataalamu wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza kwamba vipokezi vingi visivyo vya Bluetooth, vya watengenezaji mbalimbali, viliweza kudanganywa na mtu aliye mbali hata meta 100, akatuma maandishi kana kwamba anapiga kibodi ya mwenye kompyuta. Sikusimulii haya ili uogope kuketi barazani kwako. Lakini mwenye kushika hesabu za watu na achague kipanya cha mtengenezaji anayejulikana, tena asiiache kompyuta wazi na kuondoka.

NAMNA YA PILI: KIPANYA CHA BLUETOOTH

Bluetooth ilianza kutengenezwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, huko Lund, Sweden. Jina lake lina hadithi. Harald, mfalme wa Denmaki wa karne ya 10, alipewa jina la utani lenye maana ya Jino la Buluu, naye akumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Mwaka 1997 Jim Kardach wa kampuni ya Intel alishauri jina hilo litumike, kwa kuwa chombo hiki nacho kilikusudiwa kuunganisha simu na kompyuta za makampuni mbalimbali. Ile alama yake ni herufi mbili za maandishi ya kale ya watu wa kaskazini ya Ulaya, H na B, zilizoshikamanishwa. Mwaka 1998 makampuni ya Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba yakafanya umoja wa kuisimamia.

Uzuri wa kipanya cha Bluetooth ni kwamba hakili tundu la USB, wala hakina kipande cha kupotea. Tena hakifungwi na kompyuta moja. Vingine hukumbuka kompyuta 2 au 3, ukabadili kwa kubonyeza kitufe. Na simu nyingi za Android hukipokea.

Nacho kina masharti yake.

Sharti la kwanza, kompyuta yenyewe iwe na Bluetooth. Usiseme, "Yangu ina Wi-Fi, basi inayo." Hivyo ni vitu viwili, ingawa mara nyingi hukaa pamoja. Fungua mahali pa mipangilio, palipo na alama ya gurudumu lenye meno, ulitafute neno Bluetooth. Ukiona swichi ya kuwasha na kuzima, kompyuta yako inayo. Usipoiona, huenda haina kabisa, au programu ya kuiendesha haikutiwa. Hapo muulize fundi kabla hujatoa fedha.

Sharti la pili, Bluetooth iwe ya umri unaofaa. Mwaka 2010 ilitoka Bluetooth 4.0, yenye namna mpya ya kusema kwa umeme kidogo ili betri idumu. Vipanya vingi vya siku hizi hutumia namna hiyo. Lakini Windows 7 haikuumbwa na uwezo wa kuielewa. Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo iliyoanza. Kwa hiyo kompyuta ya zamani yenye Windows 7 yaweza kuwa na Bluetooth, na bado isielewane na kipanya kipya. Ni kama babu na mjukuu wa kabila moja, ambao maneno yao yamepishana. Tena Windows 7 iliacha kutunzwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, basi mwenye kuitumia ana sababu zaidi ya moja ya kuitafutia nyingine.

Sharti la tatu, kwa kawaida kipanya cha Bluetooth hakifanyi kazi mpaka kompyuta imekwisha amka. Fundi akija kutia Windows upya, mara nyingi atataka kipanya cha waya au cha kipokezi. Kitunze kimoja kabatini, hata kama ni kikuukuu.

Na sharti la nne, sharti vitambulishwe. Huwezi kukiweka tu mezani ukangoja. Washa swichi iliyo tumboni mwa kipanya. Kisha bonyeza kitufe cha kuunganisha, ukishikilie sekunde 3 au zaidi, mpaka taa ianze kupepesa upesi upesi. Kwenye kompyuta, washa Bluetooth, chagua kuongeza chombo kipya, ungoje jina la kipanya litokee, ulibonyeze. Katika simu zilizowekwa Kiswahili kazi hii huitwa kuoanisha. Ukishavioanisha mara moja, siku nyingine vitakumbukana vyenyewe.

ADAPTA SI KIPOKEZI

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, hata wauzaji wengine. Kipo kipande kingine cha USB, kidogo vilevile, kiitwacho adapta ya Bluetooth. Hicho huipa kompyuta lugha ya Bluetooth ikiwa haikuzaliwa nayo. Kwa macho hufanana na kipokezi cha kipanya, lakini kazi zao ni mbali.

Kipokezi humsikiliza pacha wake, lakini hakiwezi kuiunganisha simu wala spika. Adapta huweza kuunganisha vyombo vya Bluetooth vya kila namna, lakini haiwezi kukisaidia kipanya kilichopoteza kipokezi chake. Basi mwenye Windows 10 au 11 isiyo na Bluetooth aweza kununua adapta, na kipanya chake cha Bluetooth kikatembea. Lakini aliyepoteza kipokezi asinunue adapta akitumaini kukifufua kipanya chake. Atapoteza mara mbili.

Viko pia vipanya vya lugha mbili, vyenye kipokezi na Bluetooth pamoja. Chini yake kuna swichi au kitufe cha kuchagua. Bei yake yaweza kuzidi kidogo, lakini kwa nyumba yenye kompyuta ya zamani na mtoto arudiye likizoni na kompyuta mpya, ndicho kifaacho.

SHAURI LANGU KWA MNUNUZI

Kabla hujatoka nyumbani, andika majibu ya maswali haya katika karatasi, umpe yule utakayemtuma:

1. Kompyuta ina matundu gani ya USB, ya mstatili au ya C? Liko lililo wazi?

2. Ina Bluetooth? Umeiona swichi yake kwa macho yako?

3. Ina Windows gani, au ni ya namna nyingine?

4. Kipanya kitatumika katika kompyuta moja, au katika zaidi ya moja?

Ikiwa kompyuta ni ya zamani, au huna hakika, nunua cha kipokezi. Na ikiwa kitakaa mezani pale pale siku zote, hata cha waya si aibu. Hakina betri, hakina kipokezi cha kupotea, nacho huelewana na kila kompyuta yenye tundu lake. Ikiwa kompyuta ni mpya na matundu yake ni machache, Bluetooth itakufaa. Ikiwa una kompyuta za namna mbili, tafuta cha lugha mbili.

Kisha, ukiweza, beba kompyuta yako mpaka dukani. Mwambie muuzaji, "Tafadhali tukijaribu hapa." Muuzaji mwema hatakasirika. Kama huwezi kuibeba, muulize waziwazi, "Hiki ni cha kipokezi au cha Bluetooth?" na umwombe aliandike jibu lake katika stakabadhi. Rahisi huvunja upishi, na kitu kisichojaribiwa chaweza kukugharimu nauli ya pili.

Na kipanya kikikataa kutembea nyumbani, usianze na lawama. Anza na swichi ya tumboni, maana mara nyingi imezimwa. Tazama kama betri imewekwa sawa, na kama ile karatasi ya plastiki ya kuzuia umeme imetolewa. Hamisha kipokezi tundu jingine. Kama ni cha Bluetooth, kioanishe upya. Baada ya hayo, kijaribu katika kompyuta nyingine kabla hujasema ni kibovu.

MWISHO WA HABARI YA KIKUNDI

Sasa turudi kwa Mama mhazini, ambaye nilimwacha ameketi ofisini.

Nilipokwisha kujifunza, nilimwita tena, pamoja na kijana na wanachama watatu. Nilichukua kipanya cha ofisi pamoja na pacha wake, nikavitia katika kompyuta ya kikundi. Mshale ukatembea. Nikasema, "Mnaona? Kompyuta si mgonjwa." Kisha nikatoa simu yangu, nikawasha Bluetooth, nikakioanisha kipanya cha kijana. Mshale mdogo ukatokea katika kioo cha simu, ukaenda huku na huko kwa kadiri nilivyokisogeza. Mama mhazini akapiga makofi. "Kumbe kipanya nacho ni kizima!"

Kizima kabisa. Kilikuwa cha Bluetooth peke yake, na kompyuta yao haikuwa na Bluetooth, tena ilikuwa na Windows 7. Kijana alikuwa amenunua kitu kizuri kwa bei iliyoandikwa. Alikuwa ameambiwa alete kipanya kisicho na waya, naye alileta kipanya kisicho na waya. Muuzaji hakuulizwa neno, wala yeye hakuuliza. Hapakuwa na mwizi. Kulikuwa na swali lililokosekana.

Duka lilikataa kukirudisha kwa kuwa kasha limekwisha funguliwa. Bahati njema mwalimu mmoja wa shule yetu, mwenye kompyuta mpya, alikinunua kwa bei ile ile. Kijana akatumwa tena mjini, safari hii na karatasi mkononi. Alirudi na kipanya cha kipokezi. Walipofungua kasha hawakuona kipokezi, na manung'uniko yakaanza kuchipuka upya, mpaka mtoto wa darasa la tano alipofungua kifuniko cha betri. Kilikuwa kimelala humo, pembeni. Nawe kumbuka, kabla ya kutupa kasha tazama chini ya kifuniko.

Akiba iligawanywa siku mbili baada ya tarehe iliyowekwa. Kabla ya kugusa fedha, Mama mhazini alisimama mbele ya wote, akamwita kijana kwa jina, akasema, "Tulikunena vibaya, mwanangu, na ulikuwa umenyoka. Utusamehe." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, Mama." Wale walionong'ona sokoni walikuwapo, nao walisikia.

Siku hizi ile karatasi yenye maswali manne imebandikwa ukutani pale wanapokutania. Nawe, msomaji mpenzi, waweza kuikata hapa gazetini na kuibandika kwako. Na ukimtuma mtu mjini, mpe fedha, mpe nauli, na pia mpe maelezo kamili. Akirudi na kitu kisichofanya kazi, jiulize kwanza kama ulimwambia vya kutosha.